Nilihama kampuni ya intaneti, kumbe mwizi alikuwa sebuleni

Naishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, na kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Wateja wangu hawana maneno mengi kuhusu rangi wala muziki. Swali lao ni moja tu: "Dada, imeshapanda?" Video ya ukumbini ikikamilika inakuwa na GB 12 hivi. Laini yangu ya zamani ya faiba, yaani waya unaobeba intaneti kwa mwanga, ilikuwa inapandisha kwa Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde, na biti nane ndizo baiti moja), kwa hiyo faili moja lilikula zaidi ya saa 5, na umeme ukikatika katikati naanza moja.

Hiyo ni kupandisha. Kupakua ndiko kulikonitia aibu. Kifurushi kiliandikwa Mbps 20, lakini nikipima kwa simu nikiwa chumbani napata 6, siku nyingine 4. Watoto wakiwasha katuni sebuleni, mimi nahamia kwenye bando la simu ninalolilipia pembeni. Faiba ndani, bando mkononi! Na mwisho wa mwezi nalipa vyote viwili.

Fundi wa kampuni ile (sitaitaja) alikuja mara tatu. Kila akija anachomoa waya nyuma ya ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, anauchomeka kwenye laptop yake, anapima, kisha ananigeuzia kioo: "Dada, 20 hii hapa." Anakunywa maji, anaaga, nami nabaki na 6 yangu. Niliamini kabisa kwamba wana ujanja wa kufungulia bomba wakijua fundi wao yuko kwangu. Hilo la laptop liweke akilini, nitalirudia.

Kilichonimaliza hasa ni huduma kwa wateja. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya kubwa za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikasuasua nchini kwa siku kadhaa. Kwa hilo sikumlaumu mtu, bahari ni bahari. Ila tangu siku ile neno "mkongo" likawa dawa ya kila ugonjwa. Miezi mitano baadaye taa ya LOS kwenye kisanduku cha ukutani inawaka nyekundu, maana yake mwanga wa faiba haufiki hata hapa nyumbani, napiga simu, nasikiliza muziki, halafu naambiwa: "Mteja wetu, kuna changamoto ya mkongo." Mkongo gani, na jirani yangu mwenye laini hiyohiyo anaangalia mpira?

Basi kampuni nyingine ilipopitisha waya zake kwenye nguzo za mtaa wetu, sikungoja kubembelezwa.

Kuhama intaneti ya nyumbani si sawa na kuhama mtandao wa simu. Kwenye simu, tangu 2017 unahama na namba yako. Huku unaanza upya: waya mpya, tundu jipya ukutani, mkataba mpya, na kabla ya yote ruhusa ya mwenye nyumba. Wangu alikubali kwa sharti kwamba tundu lizibwe kwa saruji, si kwa karatasi kama la mwanzo. Laini ya zamani sikuikata siku hiyohiyo. Nilikaa na zote mbili wiki mbili, na pesa hiyo siijutii, kwa sababu fundi aliyeahidi kuja "kesho" alifika siku ya nne, magharibi imeingia.

Lakini kazi yake niliipenda. Alichomelea faiba kwa mashine yake pale kwenye korido, akapima mwanga, kipimo kikasoma -21 dBm, ndiyo nguvu ya mwanga. Akanieleza kwamba namba hiyo ikiteremka kukaribia -27, mwanga unakuwa hafifu mno, nianze kupiga simu. Miaka yote ya kampuni ya kwanza hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwanga unapimwa. Akanionya pia nisiukunje waya kwenye kona kama ninavyokunja waya wa pasi.

Ruta mpya ni kifaa kimoja kinachofanya kazi ya viwili: kinapokea faiba na kurusha Wi-Fi. Ni ya Wi-Fi 6, kizazi kipya kuliko cha ruta ya zamani, inatumia masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na matundu yake ya waya ni ya gigabiti, yaani hadi Mbps 1,000. Kifurushi ni Mbps 40 kushuka na kupanda. Nikapima sebuleni: 39 kushuka, 38 kupanda. Usiku ule nikapandisha harusi ya GB 12 nikiwa nimeisimamia kama maziwa jikoni. Dakika 45. Nilimtumia bwana harusi kiungo kabla hajaniuliza, akadhani nimekosea namba.

Chumbani, ambako ndiko nafanyia kazi, mambo hayakuwa mazuri hivyo. Masafa ya 5 GHz yana nafasi kubwa na kasi, ila hayapendi kuta, na kati ya sebule na chumba changu kuna kuta mbili za tofali za saruji. Huko nilipata 14. Ya 2.4 yanapenya vizuri zaidi, lakini huku kwetu yamejaa kama daladala ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilipakua programu ya kukagua mawimbi nikakuta Wi-Fi 19 za majirani, wote tunagombania vichochoro vilevile, maana kwenye 2.4 GHz ni chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani.

Nikajifanya mjanja. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kebo ya mtandao mita 20, nikaipitisha chini kwa chini hadi chumbani, na upande wa pili nikachomeka ile ruta ya zamani iwe inarusha Wi-Fi kule ndani. Nikapima kwa simu.

Sita.

Sita ileile! Kampuni mpya, faiba mpya, pesa mpya, na namba ileile iliyonikosesha usingizi. Nikachomoa kebo kwenye ruta, nikaichomeka kwenye laptop. Thelathini na tisa. Nikakaa kitandani. Yule fundi wa maji na laptop alikuwa akisema kweli muda wote.

Niliigeuza ruta juu chini nikasoma kibandiko chake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Masafa ya 2.4 GHz peke yake, antena moja, imeandikwa 150 Mbps, namba ambayo nyumbani kwa mtu haifikiwi. Kiwango chake ni kile kinachoitwa sasa Wi-Fi 4, kilichokamilishwa 2009. Mimi niliunganishwa 2019, mwaka ambao vifaa vya Wi-Fi 6 vilianza kuthibitishwa. Kwa hiyo kosa bado ni lao, ila si lile nililokuwa nikiwasema kwa majirani. Maji walileta, pipa limejaa, wakanipa kikombe kilichotoboka nichotee. Na fundi mara zote tatu alikishika kikombe hicho mkononi, akakitua, hakusema, "Dada, badilisha hii." Labda hakuruhusiwa. Labda mimi nilikuwa nimeshafoka kiasi kwamba hakuona haja.

Je, ningenunua ruta yangu mwenyewe ningebaki kule? Kwa katuni za watoto, ndiyo. Ningeokoa pesa ya kuunganishwa na lile tundu la pili ukutani. Kwa kazi yangu, hapana, kwa sababu ile Mbps 5 ya kupandisha ilikuwa kwenye mkataba wao na hakuna ruta ya kuibadilisha. Ndiyo maana mtu akiniuliza siku hizi ahame au asihame, kwanza namuuliza kama ameshapima kwa waya. Wengi hawajapima. Azima laptop yenye tundu la waya, zima simu zote za nyumbani, pima kwa waya, kisha pima kwa Wi-Fi ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta. Namba zikipishana mno, mgonjwa unaye ndani.

Ruta mpya nayo ina visirani vyake. Ilikuja na jina moja la Wi-Fi kwa masafa yote mawili, na printa yangu ya zamani, inayojua 2.4 tu, ikagoma kuungana siku nzima. Ikabidi niyatenganishe majina. Ulinzi wa WPA3, ule mpya wa kufunga Wi-Fi kwa nenosiri, nao printa haikuuelewa, nikarudisha WPA2, ule wa zamani, kwa upande wa 2.4 tu. Nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio sikupewa mpaka nilipoomba mara mbili, kana kwamba naomba funguo za benki. Lile la kibandikoni nililibadilisha jioni ileile, maana mtoto wa jirani alikuwa ameshalipiga picha.

Faida ambayo sikuitarajia ni ya umeme. Zamani nilikuwa na vifaa viwili vyenye adapta mbili, sasa ni adapta moja ya volti 12, kwa hiyo betri ndogo ya ruta niliyonunua Kariakoo inanivusha saa 3 hivi umeme ukikatika. Mtaa mzima giza, mimi napandisha sendofu ya mtu.

Naipa kampuni mpya nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ile "kesho" ya siku nne. Mvua za Aprili nazo ziliikata laini siku moja na nusu, lakini walituma ujumbe kabla sijapiga, wakataja na mtaa wenye tatizo, kwa hiyo hilo nimewasamehe. Chumbani sasa kompyuta yangu iko kwenye kebo moja kwa moja, simu inavumilia 14 yake, na kwa kazi yangu inatosha.

Wiki iliyopita kampuni ya zamani ilinipigia. Kijana mpole, sauti ya kubembeleza: "Habari dada, tumeona umesitisha huduma yetu. Tunaomba kujua changamoto ilikuwa nini?" Nikaitazama ruta yao juu ya kabati, hawajawahi kuja kuichukua, imeanza kuota vumbi. Nilitaka kumweleza yote, kibandiko, antena moja, kikombe.

"Mkongo, kaka," nikamwambia. "Ilikuwa mkongo."