Kuwaona ndugu wa njiani: kwa trela au kwa basi?

Dereva wa trela la Dar es Salaam–Tunduma mwenye ndugu Morogoro, Iringa na Mbeya anaweza kuwapitia akiwa kazini. Nauli hakuna, na huonana nao mara nyingi. Lakini trela haliingii uchochoroni: unaliacha kwenye maegesho ya malori, tandiboi, yaani msaidizi wako, analinda mzigo, unapanda bodaboda kumsalimia mama, na chai hujaimaliza unaaga, maana foleni ya mpakani Tunduma inakungoja.

Basi wakati wa likizo ni gharama, ila unalala nyumbani, unahani misiba iliyokupita, watoto wanakuzoea. Kwa wazazi wazee, mimi nasema basi, hata mara moja kwa mwaka. Madereva wenzako mtaonana tu njiani, pale Makambako, kwenye chakula cha usiku.