Karatasi ya kupunguza mng'ao kwenye kioo cha kompyuta: uzoefu wangu, Moshi

Nachapa kazi za watu kwenye fremu ya steshenari hapa Moshi mjini. Mlango umeelekea magharibi, na mimi nakaa nimeupa mgongo ili mteja aone ninachochapa. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia lote, na kwa kuwa kioo cha kompyuta ni cha kung'aa, nilikuwa naona bodaboda za barabarani kuliko maandishi. Dawa ya kwanza ya hali hii ni ya bure: geuza meza, dirisha au mlango uwe ubavuni kwako. Fremu yangu ni nyembamba, haigeuziki meza. Ndipo nikanunua karatasi ya plastiki isiyong'aa, ya kubandika juu ya kioo, kwa sh 25,000.

Inasaidia kweli. Mwanga hauondoki, unatawanywa tu: ule mlango mweupe katikati ya kioo umebaki ukungu hafifu, na jioni sikunji tena uso nikisoma tanbihi za tasnifu za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Kichwa kilichokuwa kinauma kila siku, sasa kinauma mojamoja.

Kasoro iko kwenye rangi. Ukurasa mweupe unaonyesha chembechembe, na picha ya paspoti siiamini mpaka nimeiprinti. Anayetengeneza kadi za harusi atafute ile ya kupachika na kuvua.

Muuzaji hatakuambia hili: ukavu wa macho karatasi haiugusi. Mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea kompyuta hupepesa mara chache sana, jicho likakauka na kuwasha. Hapo ni kupumzika tu. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mimi natazama duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Na kama umevuka miaka 40 na herufi za karibu zinafifia, tafadhali kapime macho, pale hospitali ya KCMC idara ya macho ipo. Huenda unachohitaji ni miwani ya kusomea.

Ukienda kununua, beba vipimo vya upana na urefu kwa sentimita. Inchi hupimwa kona kwa kona, kwa hiyo kioo cha inchi 19 cha mtindo wa zamani na kile kipana cha inchi 19 havivai karatasi moja. Bandika asubuhi kabla vumbi halijaanza kutimka, ukisukuma mapovu kwa kadi ngumu. Kusafisha ni kwa kitambaa laini chenye maji kidogo; spiriti nilikatazwa.