Tuba iliyotumika kwa anayerudi kupuliza: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ukikaa miaka mingi bila kushika tuba, ala kubwa ya kupuliza yenye sauti nzito, vidole hukumbuka kuliko midomo. Kwa hiyo tafuta kwanza tuba ya ufunguo uleule uliouzoea, yaani noti yake ya msingi, kama B flati au C. Aliyezoea B flati akinunua ya C kwa sababu inang'aa, atalazimika kujifunza vidole upya wakati midomo na pumzi navyo vinadai mazoezi.

Kwangu namba moja ni B flati ya valvu nne (vidhibiti unavyobonyeza kwa vidole kubadili noti), ukubwa wa 4/4, yaani wa kawaida, kutoka kiwanda kinachojulikana. Yamaha YBB-321, Miraphone 186 na King 2341 zimetumika sana shuleni na kwenye bendi, hivyo mafundi wanazijua. Valvu ya nne si pambo. Kwenye tuba ya valvu tatu, ukibonyeza ya kwanza na ya tatu pamoja, noti hupanda juu kidogo kuliko inavyotakiwa. Ya nne hushika nafasi ya hizo mbili na kuirekebisha. Tena huziba pengo la chini: B flati ya valvu tatu hushuka hadi E, halafu hakuna kitu mpaka B flati ya chini kabisa.

Namba mbili ni E flati ya valvu nne yenye mfumo wa kufidia, uliobuniwa na David Blaikley mwaka 1874. Ukibonyeza ya nne, hewa hupita tena kwenye valvu nyingine na kuongezewa urefu unaopungua. Bomba lake ni la mita 4 hivi, wakati la B flati hukaribia 5.5, ndiyo maana hukaa mapajani bila kukulemea. Angalizo: bendi za Uingereza zililinganisha noti zao juu kidogo kuliko za leo hadi katikati ya miaka ya 1960. Tuba ya enzi hiyo isiyorekebishwa itakutenga na wenzako hata ukivuta mirija yote.

Namba tatu ni ya 3/4, yaani ndogo, yenye valvu tatu, kama Yamaha YBB-105. Sauti yake si pana, lakini ukiwa na mgongo unaosumbua, inakufaa kuliko kubwa itakayobaki kwenye kasha. Za C na F naziweka nyuma kwa anayerudi, isipokuwa ndizo alizopiga zamani. Mwisho kabisa ni za 6/4, kubwa kuliko zote: zinakula pumzi, na pumzi ndiyo hasa uliyopoteza.

Sasa valvu, maana hapa ndipo pesa huliwa. Usiangalie rangi wala sehemu zilizobonyea. Palipobonyea kwenye mdomo mpana wa tuba hapaharibu sauti sana na fundi hupanyoosha, lakini pistoni (valvu za kupanda na kushuka) zilizolika ni kazi ghali. Vuta mrija wa valvu ya tatu sentimita chache bila kubonyeza valvu yenyewe, subiri kidogo, kisha bonyeza. Ukisikia mlio mkali wa "pop", hewa haivuji. Ukisikia kimya, au mrija ulivutika kirahisi kama vile hakuna kinachouzuia, pistoni imechoka. Rudia kwa kila valvu. Kwa valvu za kuzunguka, sikiliza pia mgongano wa viungo unapobonyeza haraka, na usikubali muuzaji azifungue kwa bisibisi.

Kagua bomba la kwanza linaloanzia kwenye kipulizio, kile kikombe unachowekea midomo. Madoa mekundu au ya waridi yenye tundu dogo katikati ni kutu inayokula zinki iliyochanganywa na shaba ya bomba kutoka ndani, na bomba hilo litabidi libadilishwe. Mrija mkuu wa kulinganisha sauti ukigoma, usilazimishe wewe. Hilo ni la fundi, nawe ulitumie kushusha bei.

Nenda na kipulizio chako cha zamani, au ununue cha kawaida kama Bach 18 au Conn Helleberg, kwa kuwa mashina ya vipulizio si ya kipimo kimoja. Kikicheza ndani ya tundu au kikiingia nusu tu, tatizo huenda liko kwenye kipulizio, siyo tuba.

Midomo iliyolala itakudanganya. Ukipuliza noti tano ukazikuta chafu, utaisingizia tuba, na ukipata moja nzuri utaipenda bure. Puliza kipulizio peke yake kila siku kwa wiki chache kabla ya kwenda, na uandamane na mtu anayepiga tuba sasa. Mwache apige B flati, F, D na B flati ya juu huku wewe ukitazama kwenye simu kipimo cha kulinganisha noti (tuner). D iliyo chini kidogo ni kawaida, kwa kuwa ni noti ya tano katika mfululizo wa noti ambazo tuba ya B flati hutoa bila kubonyeza valvu. Ikiwa chini sana, achana nayo.

Halafu keti kwenye kiti cha kawaida ukiikumbatia. Kipulizio kikifika midomoni bila wewe kuinama wala kunyoosha shingo, zungumzeni bei. Kisipofika, ulizia kistendi cha kuinua tuba, na kama hakipo, jaribu nyingine.