Mtaa wa Kumbukumbu wa Seoul: Usiupitie kwa Haraka

Novemba iliyopita mimi na mama tulisafiri kutoka Entebbe hadi Incheon, kupitia Addis Ababa, kumtembelea dada yangu anayesoma Seoul. Kati ya mahali pote tulipotembelea, ambapo mama bado anapasimulia hapa Kampala ni kijimtaa kifupi cha maduka ya zamani kilicho katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa ya Mila za Korea, pembeni mwa kasri la Gyeongbokgung. Kimejengwa kuonyesha maisha ya watu wa kawaida kati ya miaka ya 1960 na 1980, wakati nchi hiyo, iliyokuwa imebomolewa na vita vya 1950 hadi 1953, ilipokuwa ikijiinua.

Kuna mgahawa, nyumba ya kahawa ambayo wenyewe huiita dabang, studio ya picha, duka la vitabu vya katuni, na gari aina ya Hyundai Pony, toleo lililoanza kuundwa mwaka 1975, ambalo wageni hupigania kupigwa picha kando yake. Yote hayo yanapendeza, lakini kwangu mimi uzito wa mtaa huu uko kwenye duka la kinyozi. Vifaa vyake havikutengenezwa kwa ajili ya maonyesho, bali vilihamishwa kutoka kwa kinyozi halisi wa Sogyeok-dong, jirani kabisa na hapo, aliyehudumia wateja hadi mwaka 2007. Ngozi ya viti imechakaa mahali wateja walipoegemeza mikono, na ukitazama vitu vilivyochakaa kwa kutumiwa, hata bila kusoma maelezo, unajua kwamba watu walikaa hapo.

Ni hapo dada alipotueleza kwamba katika miaka ya 1970 polisi wa Korea walikuwa wakiwakamata vijana wenye nywele ndefu na kuwanyoa, na kwamba sketi za wasichana zilipimwa kwa rula barabarani. Mama, ambaye alikulia katika kambi ya polisi ya Nsambya na alikuwa na miaka 14 Amin alipopiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilifumua upindo wa gauni langu la Krismasi usiku uleule." Sikuwahi kulisikia jambo hilo maishani mwangu.

Kitu kingine kilichomshika ni makaa ya yeontan, yaani vumbi la makaa ya mawe lililoshindiliwa likawa kama kopo nene lenye matundu yaliyopenya toka juu hadi chini. Familia zilipika kwa makaa hayo na kupashia sakafu joto usiku kucha, na sakafu ilipopata ufa, gesi yake isiyo na harufu iliwaua watu wakiwa usingizini. Sisi tunaosikia kila msimu wa mvua habari za familia iliyoingiza sigiri chumbani na kufunga madirisha hatukuhitaji mkalimani. Aliyenusurika, dada alisema, alinyweshwa maji ya kimchi ya figili, yaani figili zilizochachushwa. Mama akataka kujua kama yalisaidia kweli, na alipoambiwa kwamba ilikuwa imani tu, alitikisa kichwa kwa huzuni.

Mara ya kwanza tulipelekwa na kampuni moja ya utalii iliyotupa dakika 20 tu baada ya kuzunguka kasri, kana kwamba mtaa huu ni mahali pa kungojea basi. Tuliumia, na kesho yake tukarudi wenyewe. Nakushauri ufanye hivyo tangu mwanzo: panda treni ya chini ya ardhi, njia ya 3, ushuke Anguk, kisha utembee kwa miguu. Makumbusho yana lango lake na hayatozi kiingilio, kwa hiyo huna haja ya kulipia kasri, ambalo tiketi yake ni won 3,000 na ambalo hufungwa Jumanne. Mtaa uko nje, na baridi ya Novemba si ya mchezo kwa mtu aliyetoka Kampala. Mvalishe mzazi wako koti zito na soksi mbili. Ukifika saa tatu asubuhi milango inapofunguliwa, kabla ya makundi ya wanafunzi, utaweza kusimama mbele ya duka la kinyozi kadiri upendavyo bila mtu kukuomba upishe.