Kozi ya Hisabati na Muziki Malindi: Ubao, Mshipi na Duara Lisilofunga

Kwa majuma kumi na mawili, kila Jumatatu na Jumatano baada ya magharibi, nimehudhuria kozi ya utangulizi ya hisabati na muziki katika chuo kimoja cha hapa Malindi. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na kwa miaka mingi nimepiga udi katika harusi za mjini, kwa hiyo nilijiandikisha kwa hamu kubwa. Naandika tathmini hii kwa wanaofikiria kujiunga na awamu ijayo, kwa sababu kozi ina mafundisho ambayo sijayaona kwingine hapa pwani, na ina pengo moja ambalo lazima lisemwe.

Jioni ya kwanza hatukuandikiwa chochote ubaoni. Kila watu wawili walipewa kipande cha mbao ya mwembe, misumari miwili, mshipi wa kuvulia samaki na kijiti. Tulipima sentimita 60 kati ya msumari na msumari, tukaukaza mshipi mpaka ukalia, kisha tukakisukuma kijiti chini yake. Kilipofika sentimita 30, nusu ya mshipi ilitoa sauti ileile ya mwanzo iliyopanda juu, yaani oktava, kama mtoto na baba yake wanavyosoma kaswida moja pamoja. Kilipofika 40 ikatoka sauti ya tano, yaani so ukihesabu kutoka do, na kwenye 45 ikatoka ya nne, yaani fa, ambayo ndiyo tunayoitumia kupatanisha nyuzi nyingi za udi. Nimezipatanisha nyuzi hizo kwa sikio tangu ujana wangu, lakini sikuwahi kujua kwamba mkono wangu ulikuwa ukitafuta robo tatu. Mwalimu alitueleza kwamba mshipi wenye theluthi mbili za urefu hutetema mara tatu katika muda ule ambao mshipi mzima hutetema mara mbili, na kwamba uwiano huu mwepesi, ambao Wagiriki waliuhusisha na Pythagoras, ndio unaozifanya sauti mbili zikubaliane masikioni.

Juma la nne ndilo lililonikonga moyo kuliko yote. Tulianza kwenye sauti moja, tukapanda kwa ya tano, yaani tukazidisha kwa tatu na kugawa kwa mbili, tukapanda tena, mara 12, tukitarajia kurudi kwenye sauti ya mwanzo oktava saba juu, yaani mbili ikizidishwa mara saba. Kikokotoo kilitoa 129.75 pale palipotakiwa 128. Tulirudia hesabu, jibu likawa lilelile. Ndipo mwalimu alipotuonyesha sababu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuishika: tatu ikizidishwa kwa tatu mara yoyote ile huzaa namba witiri, isiyogawanyika kwa mbili, na mbili ikizidishwa kwa mbili huzaa shufwa, inayogawanyika, na witiri haiwezi kuwa shufwa hata ukiendelea mpaka asubuhi. Duara la sauti za tano halifungi, wala halitafunga kamwe. Mzee mmoja mpiga kanuni, ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi, aliyekuwa kimya tangu siku ya kwanza, akasema, “Mwalimu, kumbe ndiyo maana kanuni yangu na kinanda cha vijana havipatani.” Mwalimu akamjibu, “Ndivyo, mzee wangu, na wala si kosa la masikio yako.” Kinanda hulimaliza tatizo kwa kuigawa oktava sehemu 12 zilizo sawa, kila hatua ikiwa kipeuo cha 12 cha 2, yaani takriban 1.0595, na gharama yake ni kwamba sauti ya tano huwa 1.4983 badala ya 1.5 kamili.

Sehemu ya midundo nayo imepangwa kwa ustadi. Mwalimu alichora saa yenye alama 12, akatupigia kwenye chupa mdundo wa kengele wa Waewe wa Ghana na Togo, wenye mapigo saba yanayopishana kwa 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Kisha akahesabu hatua za skeli meja kwenye kinanda, kutoka do mpaka do, na namba zikawa zilezile kwa mpangilio uleule. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akifundisha Kanada, alionyesha kwamba njia ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale, ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika huzaa midundo mingi ya jadi ya mataifa mbalimbali. Mapigo matatu yakitawanywa katika nafasi nane hutoka 3, 3, 2. Kijana mmoja wa Kigiriama akaichukua kayamba yake akaupiga mdundo huo papo hapo, nasi tukaupigia makofi.

Pengo ninalolisema ni hili: baada ya hapo kozi hubaki kwenye kinanda mpaka mwisho, kana kwamba sauti 12 ndizo sauti zote. Taarabu tunayoipiga hapa ina sauti zinazokaa katikati ya vibonye. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu ambamo wajumbe walijadili kama oktava igawanywe sehemu 24 zilizo sawa, na mwanafalsafa al-Farabi, katika karne ya 10, alivieleza vipimo vya sauti kwa kutumia udi. Mambo haya hayakutajwa hata mara moja. Vilevile ushairi wetu, wenye mizani 16 katika mstari wa shairi na 8 katika kipande cha utenzi, ungeingia vizuri kabisa kwenye somo la saa, hasa ukikumbuka kwamba mwanachuoni wa lugha al-Khalil bin Ahmad wa Basra, katika karne ya 8, alizipanga bahari za ushairi wa Kiarabu katika duara tano. Nilimweleza mwalimu jambo hili, naye akalipokea kwa moyo mweupe. Natumaini chuo kitampa nafasi ya kulitekeleza.

Vijitabu vimeandikwa kwa Kiingereza ilhali mafundisho ni ya Kiswahili, jambo lililowachelewesha baadhi ya wenzangu bila sababu. Somo la mawimbi ya sauti lilipita haraka mno, kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja na umeme ulikatika jioni ile.

Ada ni shilingi 9,000, nami naona ni halali kwa kinachofundishwa. Hisabati ya kidato cha nne inatosha, wala si lazima kujua kusoma noti. Mwenye udi, kanuni au kayamba na aje na chombo chake, kwa sababu chuo kina vinanda viwili tu, na sisi tulikuwa watu kumi na tisa.