lscpu: amri ya kwanza ninayoandika kwenye kompyuta ya mtu

Kazi yangu ni kuwawekea watu programu kwenye Linux, na kabla ya lolote lazima nijue prosesa ni ya aina gani. Ukipakua faili la arm64 (la prosesa za ARM) ukaliweka kwenye mashine ya x86_64 (ya Intel au AMD), halifunguki, basi. Kwa hilo natumia lscpu, amri inayoorodhesha taarifa za prosesa. Imo ndani ya kifurushi cha util-linux, kwa hiyo mara nyingi naikuta tayari, na haidai ruhusa za msimamizi kama dmidecode, amri nyingine ya kusoma taarifa za mashine.

Wengi wanaishia kwenye amri ya uname -m. Ni nyepesi, inatoa neno moja na kunyamaza, ila inasema habari za mfumo uliowekwa, siyo za chuma chenyewe. Prosesa ya biti 64 iliyowekewa Linux ya biti 32 itajibu i686, jina la usanifu wa biti 32, nawe utadhani mashine imezeeka. Kwenye lscpu tazama mstari wa "CPU op-mode(s)": ukiona 32-bit, 64-bit, mashine bado ina nguvu zake, kilichopitwa na wakati ni mfumo.

Iliponikosha hasa ni kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Ukifungua faili la /proc/cpuinfo, ambamo Linux huweka taarifa za prosesa, unatupiwa namba tupu, implementer 0x41, part 0xd08, ukahangaike nazo mwenyewe. lscpu inakuandikia jina la prosesa, Cortex-A72, yamekwisha.

Lawama zipo. Inasema mno! Matoleo mapya yanaongeza orodha ya udhaifu wa kiusalama wa prosesa, Meltdown, Spectre na ndugu zao waliotangazwa tangu 2018, mpaka jina la prosesa linapanda juu ya skrini lisionekane. Mimi huandika lscpu | grep "Model name", ili grep ichuje mstari wa jina peke yake. Kama mfumo unatumia lugha nyingine, tanguliza LC_ALL=C ili majibu yaje kwa Kiingereza, maana vichwa vya mistari hutafsiriwa na grep ikatoka kapa. Na kwenye seva ya kukodi usiiamini kichwakichwa: ukiona "Hypervisor vendor", jua uko ndani ya mashine pepe, na idadi ya kore ni ile uliyogawiwa tu.

Windows haina amri hii. Huko PowerShell inayo Get-CimInstance Win32_Processor. Wanaopenda njia fupi hufungua Command Prompt na kuandika echo %PROCESSOR_ARCHITECTURE%, na hapo usishtuke Intel ikijibu AMD64: usanifu huo wa biti 64 ulibuniwa na AMD.