Tuisheni ya fizikia Nyakato: hapa mchapuko unaeleweka

Wana Mwanza, kama una dogo wa sekondari anateswa na mada ya mwendo wa mstari mnyoofu mleteni hii tuisheni ya jioni Nyakato. Mdogo wangu anasoma pale na mimi nikimfuata huwa nakaa benchi la nyuma nasikiliza mpaka mwisho, sijuti.

Sehemu nyingi ticha anamwaga fomula ubaoni, v = u + at, s = ut + ½at², v² = u² + 2as (u ni kasi ya mwanzo, v kasi ya mwisho, t muda, s umbali, na a ndo mchapuko, yani kasi inavyobadilika kila sekunde), haya karirini, swali likigeuzwa kidogo tu mtoto kakwama. Huyu anaanza na grafu. Daladala imetoka kituo cha Buzuruga, u ni 0, mchapuko 2 m/s², baada ya sekunde 5 iko 10 m/s, anachora kasi kwa muda mstari unapanda umenyooka, slopu yake, yani mwinuko wa ule mstari, ndo mchapuko, halafu anauliza imeenda mita ngapi? Wanatafuta eneo la ile pembetatu, nusu mara 5 mara 10, mita 25. Sasa pigeni kwa fomula, inatoka 25 ileile. Na kama gari lilikuwa tayari linatembea basi chini ya pembetatu unakaa mstatili, mstatili ndo ut, pembetatu ndo ½at², yani fomula nzima unaiona kwa macho hamna cha kukariri.

Kilichonikuna zaidi ni swali la breki. Bodaboda iko 10 m/s, inapunguza kasi kwa 4 m/s², inasimama ndani ya mita 12.5. Ikiwa 20 m/s, ambayo ni kilomita 72 kwa saa, inahitaji mita 50. Kasi mara mbili, umbali mara nne, sababu kasi ya mwanzo imepigwa skwea. Natamani vijana wa boda wote wangelisikia lile somo jamani, na hapo bado hujahesabu muda wa dereva kushtuka.

Kasoro ipo. Grafu ya umbali kwa muda kaipitia juujuu sana, wakati ndo inawachanganya madogo, maana ile inajikunja na slopu yake ni kasi, sio mchapuko. Nimemwambia, kasema atairudia. Mabenchi nayo yanabana, wahini mapema, na mtoto aje na rula na karatasi za grafu zake maana pale hawagawi.